Nani Ampishe Nani? Rekodi za Koncheto za Hapsikodi kwa Sikio la Kigoma

Wanaolinganisha rekodi za koncheto, yaani kazi za mpigaji mmoja mkuu mbele ya okestra, huanzia kwenye vidole: nani kapiga kwa kasi, nani kateleza, nani ana hisia. Kwa piano au fidla mwanzo huo una maana. Kwa hapsikodi, kinanda cha kale chenye nyuzi za kudonolewa, unapotosha. Hapsikodi ikiwekwa mbele ya okestra kamili, swali la kwanza ni nani kampisha nani. Je, okestra imeshushwa? Hapsikodi imepandishwa? Au fundi mitambo wa kurekodi kaamua peke yake kwenye chumba chake cha kioo? Jibu hubadilisha kazi nzima, hata kama nota zilizopigwa ni zilezile. Ninachodai hapa ni kwamba rekodi nyingi zinazosifiwa kwa kusikika wazi zimemnyang'anya mtunzi jambo aliloliandika kwa makusudi, yaani udogo wa sauti ya hapsikodi. Na nadai pia kwamba msikilizaji wa Kigoma ana sababu ya kulitambua jambo hilo upesi kuliko anavyodhani.

Tukitazame chombo chenyewe kwanza. Ukibonyeza kibao cha hapsikodi, kijiti chembamba hupanda, na ncha yake, ambayo zamani ilichongwa kutoka kwenye unyoya wa ndege, hudonoa uzi kisha hurudi chini. Ubonyeze kwa hasira au kwa upole, uzi umedonolewa mara moja na ukubwa wa sauti haubadiliki kiasi cha kuonekana. Piano, aliyoibuni Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700, hugonga uzi kwa nyundo, kwa hiyo nguvu ya kidole hufika hadi kwenye uzi na ukumbi mzima huisikia. Mpiga hapsikodi anayetaka kukua ana njia chache tu. Anaweza kuunganisha seti nyingine ya nyuzi, au kushika nota nyingi kwa pamoja, au kuzimwaga kwa wingi ndani ya muda mfupi hadi sikio lihisi ujazo. Zaidi ya hapo hana kitu.

Wengi wetu sauti hii tumeikuta kanisani bila kuitafuta. Kwenye vinanda vya umeme vinavyofuata mpangilio wa General MIDI wa mwaka 1991, hapsikodi ni sauti namba 7, jirani kabisa na piano. Wapiga vinanda wa kwaya huigusa wakitafuta kitu chenye mlio wa gitaa, huipigia mwanzo wa wimbo mmoja, kisha huiacha. Tatizo ni kwamba humo ndani ya kinanda cha umeme hapsikodi hutokea kwenye spika ileile ya piano, tarumbeta na ngoma, na ukizungusha kitufe inakuwa kubwa kadiri upendavyo. Tumeijua hapsikodi bila kuujua udogo wake, na ndiyo maana mtu akiisikia kwa mara ya kwanza ikiwa mbele ya okestra ya kweli hudhani rekodi ni mbovu.

Lakini udogo wa nyuzi zinazodonolewa si mgeni huku kwetu. Warundi, ambao mkoa huu umeishi nao kwa vizazi, wana inanga: ubao mrefu uliochimbwa katikati, na kamba moja iliyopitishwa kwenda na kurudi juu yake hadi ikawa nyuzi kadhaa. Mlio wake ni wa chini, wa kuvuma. Anayeiimbia hapazi sauti. Ananong'ona, maneno yakitoka kwa pumzi zaidi kuliko kwa koo, kwa sababu akiimba kama mwimbaji wa kwaya ataifunika. Ameishusha sauti yake hadi kimo cha nyuzi, na wasikilizaji nao husogea karibu. Sijawahi kusikia mtu akisema inanga ina kasoro. Mtu aliyeisikiliza namna hiyo akiwa mtoto ana msingi mzuri kuliko wa mhakiki mwenye rafu nzima ya santuri, kwa kuwa anajua kwamba chombo kidogo hulindwa na aliye pembeni yake. Katika koncheto ya hapsikodi lazima awepo mtu wa kunong'ona. Hoja yangu yote iko hapo.

Mfano wa kuanzia ni Concert champêtre, yaani koncheto ya mashambani, ya Francis Poulenc, Mfaransa aliyeishi kati ya 1899 na 1963. Aliitunga mwaka 1927 na 1928 kwa ajili ya Wanda Landowska, mwanamke wa Kipolandi aliyeirudisha hapsikodi kwenye majukwaa ya Ulaya baada ya karne nzima ya kusahauliwa. Landowska ndiye aliyeipiga kwa mara ya kwanza, Paris, tarehe 3 Mei 1929, Pierre Monteux akiongoza. Ni kazi ya sehemu tatu na huchukua takriban dakika 25. Jina lake linataja shamba, ila shamba la Poulenc ni la kijana wa mjini: viunga vya Paris, na tarumbeta za kambi ya askari ya Vincennes zikisikika kwa mbali. Okestra yake si ndogo hata kidogo. Kuna filimbi, obo, klarineti na besuni, honi nne, tarumbeta, tromboni, tuba, ngoma na vyombo vingine vya kugonga, na fidla kwa idadi yake. Yote hayo dhidi ya nyuzi zinazodonolewa.

Kabla ya onyesho la kwanza Poulenc na Landowska walikaa pamoja wakaipitia kazi nota kwa nota. Mtunzi mwenyewe alisimulia baadaye jinsi walivyorahisisha hapa na kufuta pale, wakitafuta njia ya hapsikodi kusikika bila okestra kufanywa maskini. Matokeo yake yanaonekana kwenye kitabu cha nota. Hapsikodi na okestra hupokezana zaidi kuliko zinavyopiga pamoja. Utangulizi wa polepole hupita, hapsikodi peke yake hurusha wazo la haraka, okestra hulidaka na kulikuza, kisha hunyamaza ghafla na hapsikodi hurudi ikiwa imebaki vilevile ilivyokuwa, ndogo, kavu, yenye ncha. Kupokezana huko kumepimwa. Kila hapsikodi inaporudi baada ya kishindo, sikio lazima lijikusanye upya, kama vile mtu ameingia chumbani ghafla akitoka barabarani. Ukimya ule wa nusu sekunde kabla ya nyuzi kusikika ni sehemu ya utunzi. Fundi mitambo akiipandisha hapsikodi hadi ilingane na honi nne, ameufuta.

Kwa bahati nzuri kuna rekodi mbili zilizonaswa New York, katika misimu miwili iliyofuatana, okestra ikiwa ileile, New York Philharmonic. Mwezi Novemba 1948 Poulenc mwenyewe, akiwa kwenye ziara yake ya kwanza ya Marekani, alikaa kwenye piano, Dimitri Mitropoulos akiongoza. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1949, Landowska alikaa kwenye hapsikodi, Leopold Stokowski akiongoza. Zote mbili ni za ukumbini mbele ya watu, kwa teknolojia ya wakati ule, kwa hiyo kuna mikwaruzo, vikohozi, na besi iliyofifia. Sijui jozi nyingine ya rekodi inayomfundisha msikilizaji mengi kiasi hiki kuhusu kazi moja.

Kwenye ile ya 1948 mtunzi anapiga kwa wepesi na ukavu, hakokoti, haongezi machozi pasipo na machozi. Atakayetaka kujua Poulenc aliwazia mwendo gani aisikilize. Kitabu cha nota kinaruhusu piano, kwa hiyo hakuna aliyevunja sheria. Lakini piano haihitaji kupishwa. Okestra ikipanda, nayo hupanda. Na hapo ndipo kazi inapoanza kuonekana ya ajabu: kwa nini okestra inanyamaza hivi kila mara? Kwa nini mpiga piano anabaki peke yake katika sehemu ambazo angeweza kabisa kushindana? Nafasi zilizoachwa kwa ajili ya chombo kidogo zimebaki wazi, na chombo kikubwa kimeketi ndani yake bila kazi. Nikiri wazi kwamba Poulenc ndiye mtunzi na mimi ni msikilizaji wa kandokando ya Ziwa Tanganyika, lakini kwenye suala hili mkono wake wa kuandika ulikuwa na akili kuliko mkono wake wa kupiga.

Kwenye ile ya 1949 mpigaji ana umri wa miaka 70. Chombo chake ni cha Pleyel, kampuni ya piano ya Paris iliyomtengenezea hapsikodi kubwa ya jukwaani iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Wapenzi wa muziki wa kale wa siku hizi huidharau hapsikodi hiyo. Wanasema ni piano iliyovaa nguo za hapsikodi: mwili mzito, ncha za ngozi badala ya unyoya, pedeli saba, na seti ya nyuzi inayolia oktavo moja chini ya kawaida. Ni kweli haifanani na vyombo vya karne ya 18. Ila Poulenc hakuwa na karne ya 18 sikioni alipokuwa anatunga, alikuwa na Pleyel ya Landowska. Na ukisikiliza anavyozitumia zile pedeli utaelewa kwa nini. Hawezi kuongeza nguvu, kwa hiyo anabadilisha rangi. Sentensi moja inaanza kwa mlio mkali, inamalizia kwa mlio wa kuvuma, na sikio linaamini kwamba sauti imeshuka. Stokowski, mtu aliyejulikana kwa kuchezea mpangilio wa viti vya okestra na kwa udadisi wake kuhusu vyombo vya kurekodia, anamwachia nafasi pale anapoihitaji.

Sehemu ya pili, ambayo ni mwendo wa sisiliana, ule wa kuyumbayumba kama mtumbwi uliofungwa, ndiyo inayonifanya niirudie rekodi hii. Fidla zinaanza kwa huzuni ya wazi. Hapsikodi inapoingia haijaribu kuimba, kwa kuwa haiwezi. Uzi uliodonolewa hufa papo hapo, hauwezi kushikilia nota ndefu kama fidla. Landowska hafichi kifo hicho cha sauti. Anaiweka kila nota mahali pake, anaiacha ife, anaweka nyingine. Mpiga piano kwenye sehemu hiyohiyo ana pedeli ya kurefusha sauti, na mtunzi aliitumia mwaka 1948. Inapendeza, lakini maumivu yamelainishwa.

Hapa kuna mtego, na inabidi kuutaja. Landowska alikuwa na nyumba Saint-Leu-la-Forêt, kaskazini mwa Paris, alikokuwa na shule yake, ukumbi wake mdogo na vyombo vyake. Ni mazingira hayo Poulenc aliyokuwa akiyafikiria alipotaja shamba. Mwaka 1940 Landowska, aliyekuwa Myahudi, alikimbia majeshi ya Ujerumani, na vyombo vyake na maktaba yake vikaporwa na Wanazi. Aliingia New York tarehe 7 Desemba 1941, siku ileile Pearl Harbor iliposhambuliwa, na akaishi Marekani hadi kufa kwake mwaka 1959. Kwa hiyo mwaka 1949 alikuwa anapiga muziki wa mashamba yale aliyofukuzwa. Anayesikiliza rekodi akiwa na habari hiyo hawezi kuisikia kama asiyekuwa nayo, na mkoa kama wetu, uliopokea watu wa kukimbia vita kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi, hauhitaji kufafanuliwa maana ya kuacha nyumba na ala ndani yake. Lakini huruma isituzibe masikio. Nimejaribu kuipima rekodi hiyo bila historia yake, kwa kusikiliza tu jinsi rangi zinavyobadilishwa na jinsi okestra inavyonyamaza, na bado inasimama. Kama ingekuwa historia peke yake, ningesema.

Mwanafunzi wa Landowska, Aimée van de Wiele, aliirekodi kazi hii studio mwanzoni mwa miaka ya 1960 na okestra ya Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, chini ya Georges Prêtre, Poulenc akiwa bado hai. Rekodi hiyo ndiyo inayotajwa mara nyingi mtu akiomba ushauri, na sifa zake ni za haki. Vyombo vya kupuliza vya Kifaransa vya wakati ule vilikuwa na mlio mwembamba, wenye ukali wa limao, ambao okestra za leo zimeupoteza kwa kutaka kufanana. Prêtre ana ucheshi, hasa kwenye sehemu ya mwisho. Ila tatizo nililolieleza limeanza kuingia, na kwenye rekodi nyingi za stereo zilizofuata lilizidi: hapsikodi imeletwa mbele, karibu na pua ya msikilizaji, hata pale okestra inaponguruma. Hakuna kiti katika ukumbi wowote duniani kinachompa mtu sauti ya namna hiyo. Ili uisikie hivyo ingebidi uingize kichwa ndani ya hapsikodi huku okestra ikipiga nyuma yako.

Ton Koopman, Mholanzi aliyetokea kwenye muziki wa kale, alipoirekodi na okestra ya Rotterdam chini ya James Conlon alikuja kutoka upande wa pili kabisa. Kwa sikio langu hapsikodi yake inakaa ndani ya okestra na si mbele yake. Nakosa rangi za Landowska, lakini kule kurudi kwa sauti ndogo baada ya kishindo kunasikika. Sitamlaumu anayemchagua.

Mwalimu mmoja wa kwaya hapa Kigoma, mtu ninayemheshimu sana kwenye mambo ya sauti, alinipinga kwenye hili. "Mwenzangu," aliniambia, "mtu akiitwa mpigaji mkuu halafu simsikii, kaja kufanya nini? Mimi solo wangu nikiona anafunikwa, nampa maiki." Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake halipatikani kwa kusema tu kwamba zamani hapakuwa na maiki. Jibu langu ni kwamba kusikika na kulingana kwa ukubwa ni mambo mawili. Solo wa kwaya hufunikwa kwa sababu wenzake wanaimba kwa nguvu kwenye ubeti wake. Mwalimu ana hiari ya kumpa maiki, na ana hiari ya kuwaambia besi na tena washushe. Kwa Poulenc besi na tena tayari wameshaambiwa washushe, maagizo yamo kwenye nota. Ukishaongeza na maiki juu yake, solo amekuwa mkubwa kuliko kwaya, na ubeti ulioandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mnyenyekevu unasikika kama tangazo. Mwalimu hakukubali. Alisema anataka kwanza asikilize ile ya 1949 bila mimi kumweleza lolote.

Ipo kazi, hata hivyo, ambayo ningempa mwalimu yule ushindi mara moja. Henryk Górecki, Mpolandi mwingine, alitunga mwaka 1980 koncheto ya hapsikodi na okestra ya nyuzi, opus 40 (yaani kazi yake namba 40), kwa ajili ya Elżbieta Chojnacka. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Katowice mwezi Machi mwaka huohuo. Ni fupi, kama dakika tisa, sehemu mbili tu, ya kwanza katika ngazi ya D maina na ya pili katika ngazi ya D meja. Dunia inamkumbuka Górecki kwa simfoni yake ya tatu ya mwaka 1976, ile ya huzuni ndefu, ambayo rekodi yake ya mwaka 1992 iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Anayekuja kwenye koncheto akitegemea machozi yale atashtuka. Sehemu ya kwanza fidla zote zinaimba mstari mmoja mrefu, mzito, kama wimbo wa kanisa unaoimbwa na watu wasiotaka kupumzika. Juu yake hapsikodi inakimbia bila kukoma, nota juu ya nota, haipokei wala haipokezi. Sehemu ya pili inarukaruka kwa furaha inayokaribia ukichaa.

Hapa hakuna anayempisha mwenzake. Górecki hakuandika ukimya wa kuilinda hapsikodi. Aliandika mvutano ambao hapsikodi ingeshindwa kabisa kama ingeachwa na nguvu zake za asili. Chojnacka alizoea kupiga kwa msaada wa vipaza sauti, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye muziki mpya, akishirikiana na watunzi kama Iannis Xenakis na György Ligeti. Rekodi yake ya miaka ya 1990 na London Sinfonietta chini ya Markus Stenz inaonyesha sababu. Hapsikodi imesimama mbele kama ukuta wa bati mvua ikinyesha, haina aibu, na fidla zinasukuma kutoka nyuma. Kila nilichokilaumu kwa Poulenc hapa ni sahihi, kwa sababu ndicho kilichotungwa. Kipaza sauti kimekuwa sehemu ya chombo.

Mahan Esfahani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1984, aliirekodi kazi hii na Concerto Köln, kundi lililojijengea jina kwa muziki wa karne ya 18, kwenye albamu iliyotoka mwaka 2015 pamoja na kazi za Bach, Mjerumani wa karne ya 18, na Steve Reich, Mmarekani wa zama zetu. Ni rekodi ya mtu mwenye hoja. Anataka kutuonyesha kwamba Górecki na Bach ni watu wa ukoo mmoja: mwendo usiokatika, D maina ileile ya koncheto mashuhuri ya Bach, uta unaokata kila nota kwa ukali. Nyuzi za Concerto Köln ni chache na nyepesi, kwa hiyo usawa unapatikana kwa njia ya watu wachache badala ya njia ya umeme. Naipenda sana, na kwenye sehemu ya pili vidole vyake ni safi kuliko vya yeyote niliyemsikia. Ila kitu kimoja kimepotea. Kwa Chojnacka unasikia mtu anapigana na jambo kubwa kuliko yeye, na hujui kama atafika mwisho. Kwa Esfahani unajua tangu mwanzo kwamba atafika. Katika kazi iliyoandikwa Poland mwaka 1980, mwaka wa migomo ya wafanyakazi wa Gdańsk, siko tayari kulichukulia hilo kuwa dogo, ingawa Górecki aliimaliza kabla migomo hiyo haijaanza, na hakuna mstari wa nota unaoweza kuitwa siasa.

Kati ya njia hizo mbili, ya Poulenc na ya Górecki, kuna ya tatu iliyotangulia zote. Manuel de Falla, Mhispania, aliikwepa okestra kabisa. Koncheto yake, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Barcelona mwezi Novemba 1926, Landowska akiwa tena kwenye hapsikodi, inawaweka pamoja naye watu watano tu: filimbi, obo, klarineti, fidla na selo, kila chombo mtu mmoja. Mwaka 1930 Falla mwenyewe aliirekodi Paris akiwa kwenye hapsikodi, na Marcel Moyse akiwa kwenye filimbi. Siku zile sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta. Hakukuwa na kuchanganya baadaye, hakukuwa na kurudi kesho kuipandisha hapsikodi nukta mbili. Usawa wote uliamuliwa na nani amekaa karibu na maikrofoni na nani kaambiwa asogee. Ndiyo maana rekodi hiyo, pamoja na umri wake na mikwaruzo yake, ni ya kweli kuliko nyingi za leo: sita wanasikilizana, na unawasikia wakisikilizana. Mdundo ni wa mwamba. Falla hakuwa mpigaji hodari wa kiwango cha Landowska, na bado sijakutana na aliyempita kwenye sehemu ya katikati.

Imebaki habari ya vifaa, kwa sababu wengi wetu tunasikilizia simu au spika ndogo ya bluetooth barazani, na spika hizo zina tabia ya kushusha kilicho juu na kupandisha kilicho chini ili kila kitu kisikike sawa. Kwa bongofleva hakuna neno. Kwa kazi hizi ni hasara tupu, kwa kuwa spika inarudia kosa la fundi mitambo. Vipokea sauti vya masikioni vya bei ya kawaida vinatosha kabisa. Tafuta mahali mashua za injini hazipiti, anza Concert champêtre tangu utangulizi, panga ukubwa wa sauti hadi okestra nzima ikufikie vizuri bila kukuumiza, kisha weka simu chini usiiguse tena. Hapsikodi itakapoingia utaiona ni ndogo mno na mkono utataka kwenda kwenye kitufe. Usiupeleke. Kufikia dakika ya tatu sikio litakuwa limeshasogea lenyewe, na hapo ndipo unaweza kuanza kuniambia nani kapiga vizuri.